HandBrake na faili zinazogoma: dawa nzuri, kipimo kibaya

Video ya simu imeingia kwenye programu ya kuhariri ikiwa sauti tupu, picha haipo. Au picha ipo, lakini kufika dakika ya ishirini bwana harusi ameshafunga mdomo na hotuba yake bado inasikika. Ukiuliza, karibu kila mtu atakuambia: "Ipitishe HandBrake." Ushauri huo umeokoa kazi nyingi, na nyingine umeziharibu. HandBrake ukiipakua leo na kubonyeza kitufe cha kuanza bila kugusa kitu, inafanya kazi iliyopangiwa: kutengeneza faili dogo la kutazama kwenye simu au TV. Mhariri anahitaji kitu tofauti, na programu ina uwezo wa kumpa, ila haimpi mpaka aombe.

Kwa wasioijua: ni programu ya bure ya kubadili faili za video, haina matangazo wala chapa inayobandikwa juu ya picha, na msimbo wake uko wazi. Eric Petit aliianza mwaka 2003, na toleo la 1.0 likatoka Desemba 2016, baada ya miaka kumi na mitatu ya matoleo ya sifuri nukta kadhaa. Ipo ya Windows, Mac na Linux. Ya Windows huomba kwanza .NET Desktop Runtime ya Microsoft, kwa hiyo ukiona ujumbe huo wakati wa kuifungua usidhani umepakua faili bovu. Ichukue handbrake.fr tu. Mwezi Mei 2017, kwa siku kama nne, mojawapo ya seva za kupakulia ilivamiwa na faili la Mac likabadilishwa na lenye kirusi kiitwacho Proton. Hiyo ilikuwa seva ya wenyewe. Fikiria tovuti za "pakua bure" zilizojaa vitufe vitano vya kijani.

Inafungua karibu kila kitu, kwa kuwa ndani yake kuna maktaba za FFmpeg, zana ya bure ya kusoma na kubadili video. Kwa kawaida inatoa MP4, MKV au WebM. Na hapa ndipo pa kushika kwa mikono miwili: HandBrake kila mara inaisimba picha upya, yaani inaifungua na kuibana tena. Haina njia ya kuhamisha picha kama ilivyo kutoka kasha moja kwenda jingine. Maana yake ni muda, joto la kompyuta, na ubora kidogo unaopotea, hata pale ambapo tatizo lenyewe lilikuwa la sekunde tano.

Kabla ya kukonvati, soma faili

MP4, MOV, MKV na AVI ni makasha. Picha na sauti zilizomo zimefungwa kwa kodeki, yaani njia ya kuzibana: H.264, H.265 ambayo pia huitwa HEVC, VP9, AV1 upande wa picha. AAC, AC-3, Opus, PCM upande wa sauti. Gunia linaweza kuandikwa mchele na ndani likawa na mtama. Kubadili jina la faili kutoka .mkv kuwa .mp4 ni kufuta maandishi ya gunia na kuandika mengine, na ndiyo maana hakusaidii. Kupakua "codec pack" nako mara nyingi ni kupoteza bando: vifurushi hivyo huisaidia Windows na vichezaji vya video, lakini programu za kuhariri kama DaVinci Resolve hutumia visomaji vyao wenyewe.

Pakua MediaInfo, ya bure pia, fungua faili, chagua mwonekano wa "Tree". Mistari mitano inatosha. "Format" upande wa video inakuambia kodeki. "Bit depth" ikisema 10 bits, ujue kompyuta ya zamani itahema. "Frame rate mode" ikisema Variable, umempata mwizi wa sauti yako. "Chroma subsampling" ya 4:2:2 mara nyingi hutoka kwenye kamera kubwa zaidi ya simu. Na "Format" upande wa audio ndiyo itakayoeleza kwa nini picha imekuja kimya.

Ukishaisoma, aina ya ugonjwa inajitenga yenyewe. H.265 kwenye programu isiyoisoma: picha haipo, sauti ipo. Kasi ya fremu inayobadilika: kila kitu kipo, ila sauti inaachana na mdomo polepole. MKV yenye H.264 na AAC ndani: hakuna ubaya wowote ila kasha. Sauti ya AC-3 au Opus: picha ipo, kimya. Kati ya hizo nne, HandBrake inafaa kwa mbili za kwanza.

Mtego wa mpangilio wa kwanza

Ukifungua HandBrake inakuja na mpangilio wa "Fast 1080p30". Jina linamdanganya mtu adhani faili litatoka na fremu 30 kila sekunde. Halitoki hivyo. Nenda kichupo cha "Video" uone: kasi imewekwa 30, na chini yake kimechaguliwa "Peak Framerate", yaani 30 ni dari. Chini ya dari hiyo kasi iko huru kupanda na kushuka kama ilivyokuwa kwenye faili la awali. Faili linaingia na kasi inayobadilika, linatoka na kasi inayobadilika, limepungua ubora, na sauti bado inaachana na mdomo. Watu wengi wanaoandika kwamba "HandBrake haijasaidia" wameishia hapa.

Simu hubadili kasi kwa sababu ya mwanga na joto. Ukumbini kukiwa na giza, kamera inahitaji kuacha kila fremu ikae muda mrefu zaidi ili picha ionekane, basi inapunguza idadi ya fremu. Kichezaji cha video hakisumbuki, kwani kila fremu imeandikiwa saa yake ya kuonekana. Programu nyingi za kuhariri zina ruwaza (timeline) ya fremu zilizopangwa kwa umbali sawa, na zikizipanga bila kujali saa hizo, picha inatoka na urefu tofauti na wa sauti. Hata tofauti inayoonekana ndogo inauma: kati ya fremu 29.97 na 30 kwa sekunde kuna sehemu moja ya elfu tu, lakini kwa saa nzima hiyo ni sekunde 3.6. Mdomo wa mtu ukipishana na sauti yake kwa robo sekunde, kila aliyeko sebuleni anaona.

Mpangilio sahihi kwa mhariri ni huu. Buruta faili ndani. Kwenye orodha ya mipangilio tafuta kundi la "Production" na uchague "Production Standard". Kundi hili limejificha chini, na ndilo pekee lililoundwa kwa ajili ya programu za kuhariri: kasi ya fremu isiyobadilika na fremu kamili (zisizotegemea fremu za kabla yake) zilizo karibu karibu. Kisha kichupo cha "Video": hakikisha "Constant Framerate" imewekwa, na kwenye "Framerate" chagua namba kwa mkono, 30 kwa simu nyingi, 25 kwa kamera ya PAL (mfumo wa TV wa fremu 25). Usiiache kwenye "Same as source", maana simu yenye kasi inayobadilika inaweza kusomwa kuwa 29.87 au namba nyingine ya ajabu, na utapata faili la 29.87 lisilobadilika, ambalo programu ya kuhariri italikunja tena kuingia kwenye ruwaza ya 30.

Kodeki iache H.264 (x264). "Constant Quality" iweke RF 18. Namba ikishuka ubora unapanda na faili linakua, na chini ya 16 unanunua ukubwa wa diski bila kuona tofauti kwa macho. Ukitumia mpangilio mwingine usio wa "Production", andika keyint=15 kwenye kisanduku cha maandishi kilicho chini ya kichupo hicho. Hiyo inalazimisha fremu kamili kila baada ya fremu 15, hivyo kusogeza kishale kwenye ruwaza hakugandi. Bila hilo x264 inaweza kukaa hata fremu 250 kabla ya kuandika fremu kamili nyingine, na kila unaporuka mahali, kompyuta inalazimika kujenga picha kuanzia ile ya nyuma kabisa.

Kichupo cha "Dimensions" kinasahaulika. HandBrake hukata yenyewe kingo nyeusi ikidhani inakusaidia, na video iliyopigwa gizani inaweza kutoka na urefu wa 1072 badala ya 1080. Ukiiweka kwenye mradi wa 1920 kwa 1080 utaona mstari mwembamba juu na chini, au programu itaivuta picha ijae. Weka "Cropping" kuwa "None". Kichupo cha "Audio": AAC, kilohezi (kHz) 48, kilobiti 256 kwa sekunde. Kwenye "Summary" iache alama ya "Align A/V Start" ilivyo, na "Web Optimized" haina kazi kwako.

Hifadhi mpangilio wako kwa jina, ili kesho usianze upya. Faili likitoka, lipeleke tena MediaInfo: "Frame rate mode" lazima iseme Constant. Halafu angalia mdomo na sauti kwenye dakika ya mwisho ya video. Dakika ya kwanza hata faili bovu hupendeza.

Jambo moja kuhusu 25 na 30. Ukiwa na kamera ya PAL ya fremu 25 na simu ya 30 kwenye harusi moja, usitumie HandBrake kulazimisha simu iwe 25. Itatupa fremu tano kila sekunde na mtu akipita mbele ya kamera ataonekana akidunda. Iache simu 30 isiyobadilika, mradi uwe 25 ukifuata kamera kuu, na programu ya kuhariri ishughulikie. Zilizo nzuri zina njia laini zaidi za kuchanganya fremu.

H.265 ya simu

Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone 7 na za baada yake hurekodi HEVC kama hujasema vinginevyo, na simu nyingi za Android zina chaguo hilo. Sababu ni nafasi: kwa hesabu ya Apple yenyewe, dakika moja ya 1080p kwa fremu 30 ni takriban MB 60 kwa HEVC na MB 130 kwa H.264. Kwa hiyo usishangae HandBrake ikikupa faili mara mbili ya lile uliloingiza. Haijakosea, imefungua kitu kilichokuwa kimekunjwa sana.

Windows haisomi HEVC mpaka uweke nyongeza ya HEVC Video Extensions, ambayo Microsoft Store huuza kwa dola 0.99, isipokuwa kompyuta yako ilikuja nayo. Kwa programu zinazotegemea visomaji vya Windows, hicho ndicho kilichokosekana, na ni nafuu kuliko usiku mzima wa kukonvati. Bado kuna watu wanaong'ang'ania Windows Movie Maker, ambayo Microsoft iliacha kuigawa Januari 2017. Hao wasihangaike na nyongeza yoyote; wahamie Shotcut, programu ya kuhariri ya bure.

Ila kusoma ni jambo moja, kuhariri bila kukwama ni jingine. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo na katikati ya Nairobi ni za Intel kizazi cha nne hadi cha sita. EliteBook 840 G2 kwa mfano ni kizazi cha tano. Chipu za Intel zilianza kufungua HEVC ya biti 8 kwa kifaa chenyewe kwenye kizazi cha sita, na ya biti 10 kwenye cha saba. Chini ya hapo kazi yote inaangukia prosesa, ruwaza inaganda, na mtu analaumu programu. Kwa mashine hizo kukonvati kwenda H.264 si anasa.

Kama simu ni yako, dawa iko kabla ya kurekodi: kwenye iPhone nenda Settings, Camera, Formats, chagua "Most Compatible". Kwenye iPhone 12 na za baadaye, zima pia "HDR Video" chini ya "Record Video". Video za HDR (zenye mwanga na rangi pana kuliko kawaida) zikiingia kwenye mradi wa kawaida huja zimeungua, nyuso zinang'aa kama zimepakwa mafuta, na HandBrake kwa mpangilio wake wa kawaida haitakurudishia rangi ulizoziona kwenye kioo cha simu.

Na video zilizopitia WhatsApp usizisumbue. Zimeshakamuliwa, na kinachotoka HandBrake ni ukungu uleule ndani ya faili kubwa zaidi. Mwombe aliyerekodi aitume upya kama "Document".

Pale HandBrake ni nyundo kwa sindano

Rekodi nyingi za OBS, programu ya kurekodi skrini, huwa MKV, na ndani mara nyingi ni H.264 na AAC, vitu ambavyo karibu kila programu inavila. OBS yenyewe ina dawa: menyu ya "File", kisha "Remux Recordings". Sekunde chache, ubora haupungui hata chembe. Kwa MKV nyingine tumia FFmpeg, ambayo kwenye Windows inawekwa kwa winget install Gyan.FFmpeg, kwenye Ubuntu kwa sudo apt install ffmpeg. Amri ni moja:

ffmpeg -i hotuba.mkv -c copy -sn hotuba.mp4

Neno copy ndilo linalohamisha bila kusimba. Ile -sn inaacha manukuu nje; bila hiyo, MKV yenye manukuu ya SRT itakataa kuingia MP4 na utapata kosa lisiloeleweka. Folda nzima kwenye Windows, ukiwa ndani ya Command Prompt:

for %i in (*.mkv) do ffmpeg -i "%i" -c copy -sn "%~ni.mp4"

Picha ikiwa nzima na sauti tu ndiyo inayogoma, AC-3 au Opus, badili sauti peke yake:

ffmpeg -i hotuba.mkv -c:v copy -c:a aac -b:a 192k -sn hotuba.mp4

Kuna na ugonjwa mdogo wa Mac: HEVC inayochezwa na VLC lakini QuickTime inaikataa. MediaInfo itaonyesha "Codec ID" ya hev1 badala ya hvc1. Ni lebo tu. Tumia -c copy -tag:v hvc1 na faili linafunguka.

Anayeogopa terminali achukue Shutter Encoder ya Paul Pacifico, ambayo ni FFmpeg iliyovishwa vitufe. Kazi ya "Rewrap" ni ile ile copy. Sura yake imejaa mno, na mtu mgeni atatafuta kitufe cha kuanzia kwa dakika kadhaa, lakini kwa kazi ya mhariri ina vifaa ambavyo matoleo mengi ya HandBrake hayana, na kimoja ni hiki kinachofuata.

DaVinci Resolve ya bure kwenye Linux haisomi H.264 wala H.265, na sauti ya AAC nayo ni malalamiko ya kila siku. Mtu anahamia Ubuntu kwa furaha, anaweka Resolve, na kila video ya simu inaingia ikiwa imekufa. HandBrake kwa kawaida haimsaidii: itampa H.264 nyingine. Toleo la kulipia la dola 295 linasoma picha hizo. Asiye na pesa hiyo akonvati kwenda DNxHR, kodeki ya wahariri, na sauti ya PCM:

ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=30 -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_sq -pix_fmt yuv422p -c:a pcm_s16le simu.mov

Hiyo fps=30 inanyoosha kasi ya fremu kwa mkupuo huohuo. DNxHR na ndugu yake ProRes huandika kila fremu ikiwa kamili, kwa hiyo hata laptopu ya kizazi cha nne inateleza. Gharama ni diski: 1080p kwa fremu 30 katika DNxHR SQ ni takriban megabiti 145 kwa sekunde, yaani kama GB 65 kwa saa, wakati saa hiyohiyo kwenye H.264 ya simu ni chini ya GB 8. Sherehe ya saa nne kutoka kamera mbili haitaingia kwenye diski ya GB 500. Konvati vipande utakavyotumia tu, au tumia dnxhr_lb, megabiti 45 hivi, kuhariria, kisha rudisha faili za awali wakati wa kutoa kazi.

DVD na kanda za kamera

Hapa HandBrake inarudi kuwa mfalme. DVD za harusi zilizochomwa na mpiga video wa mtaani kwa kawaida hazina kufuli, na HandBrake haivunji kufuli hata zikiwa nalo. Ielekeze kwenye folda nzima ya VIDEO_TS, usichague faili za VOB zilizomo mojamoja. DVD hukatwa vipande vya takriban GB moja, na ukivichukua kimoja kimoja sauti inaruka kwenye maungio. Ukiipa folda, programu inasoma mpangilio wa diski na kuunganisha yenyewe.

DVD za PAL ni 720 kwa 576, fremu 25, na mara nyingi kila fremu imesukwa kwa nusu mbili za mistari, ndiyo ile michirizi kama meno ya kitana mtu anapotembea. Kichupo cha "Filters", weka "Deinterlace" kuwa Yadif. Ukichagua "Bob" utapata fremu 50 na mwendo laini, safi kwa dansi la bibi harusi na wasindikizaji, lakini kumbuka kuweka kasi 50 kwenye kichupo cha "Video", la sivyo nusu zake zinatupwa. Kwenye "Dimensions" weka "Anamorphic" kuwa "None" ili pikseli ziwe za mraba. Programu nyingine za kuhariri hupuuza umbo la pikseli za DVD na watu wote wananenepa au kukonda.

Kamera za AVCHD zina faili za MTS ndani ya PRIVATE, AVCHD, BDMV, STREAM. Kadi zenye mfumo wa FAT32 haziruhusu faili kuzidi GB 4, basi kamera inakata rekodi ndefu vipande. HandBrake haiunganishi faili. Ziunganishe kwanza kwenye Command Prompt, kwa mpangilio wa namba:

copy /b 00001.MTS+00002.MTS yote.mts

Kisha ndipo upeleke yote.mts HandBrake. Usijaribu hila hii kwa MP4; MTS inaikubali kwa kuwa ni mtiririko, MP4 ina faharasa yake na ukiunganisha hivyo utabaki na kipande cha kwanza tu.

Isichoweza kabisa

Ukiona "No valid source or titles found" kwenye video ya simu iliyozimika betri katikati ya kurekodi, acha kubonyeza. MP4 huandikiwa faharasa yake mwishoni mwa rekodi, na simu ilizima kabla ya hapo. FFmpeg itakuambia "moov atom not found", ni neno lilelile kwa lugha ya fundi. Kinachofaa ni programu ya untrunc: unaipa video nyingine nzima iliyopigwa na simu hiyohiyo kwa mipangilio hiyohiyo, inajifunza muundo, inajenga faharasa. Kadi usiiandikie kitu kingine mpaka umalize.

Faili za kamera za ulinzi zenye kiishio cha .h264 mara nyingi hazina kasha kabisa, wala saa. Ziambie kasi wewe: ffmpeg -framerate 25 -i geti.h264 -c copy geti.mp4. Namba ikikosewa watu watakimbia kama filamu za zamani, rekebisha, rudia.

Umeme, muda, na hukumu

HandBrake hutumia prosesa yote iliyopo. Visimbaji vya kadi ya picha, NVENC au Quick Sync, vina kasi zaidi, ila kwa ubora uleule faili huwa kubwa. Kwa faili la kuhariria hilo si tatizo, vitumie. Ukiwa na faili nyingi, zifungue kama folda, ziongeze zote kwenye foleni, uende ukalale.

Umeme ukikatika usiku, foleni inakumbukwa, lakini faili lililokuwa njiani linaanza mwanzo, na kile kipande cha MP4 kilichoachwa hakifunguki, kwa sababu ileile ya faharasa. Panapokatika katika, toa MKV badala ya MP4: iliyokatika inasomeka hadi ilipofikia, na iliyokamilika unaihamishia MP4 kwa ile amri ya copy.

Kwa mtu anayetaka kupunguza ukubwa wa video au kuokoa DVD, HandBrake ni nyota tano bila mjadala. Kwa mhariri wa nyumbani ni tatu na nusu: injini ni imara, lakini mpangilio wa kwanza unampoteza, hakuna njia ya kuhamisha bila kusimba, na matoleo yaliyomo kwenye kompyuta za watu wengi hayaandiki DNxHR wala ProRes. Shotcut inamzidi kwenye jambo moja dogo lenye thamani: ukiingiza faili lenye kasi inayobadilika, yenyewe inakusimamisha na kukupa chaguo la "Convert to Edit-friendly" lenye ngazi tatu, na ngazi ya kati inatosha kazi nyingi. Anayehariri humo humo hahitaji HandBrake kwa video za simu. Wengine wote waiweke, pamoja na MediaInfo, na faili za awali wasizifute mpaka kazi iwe imekabidhiwa.